Vitabu vya Kumchekesha Weris

Jumapili, 8 Oktoba. Hadado

Nimefika. Dada yangu Weris amelala kwenye kitanda cha kamba, miguu imeinuliwa juu ya mito, na kabla hata hajaniuliza habari za njiani amesema, "Abaayo Khadra, dada yangu, vitabu umeleta?"

Nimeleta gunia zima. Ni riwaya za mapenzi za kuchekesha, mitumba ya sokoni Garissa, zile zenye keki na viatu na mbwa kwenye jalada. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Weris aliachishwa shule mapema akaolewa na Hashi, kwa hiyo mimi husoma ukurasa kimoyomoyo kisha nikamgeuzia kwa Kisomali. Tulianza mchezo huu likizo ya mwaka jana, naye akaupenda kuliko chai.

Sista Kowsar wa zahanati amekuja mwenyewe kunieleza. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango ambao mtoto angepitia. Weris asibebe maji, asiiname, asitembee ila kwenda chooni. Mtoto hawezi kutoka kwa njia ya kawaida. Lazima mama apasuliwe Wajir, na apelekwe mapema kabla mvua haijakata barabara. "Damu ikianza haitabisha hodi," akasema. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mama yetu alikufa akinizaa mimi. Nimeliandika hilo, sitalirudia.

Jumanne, 10 Oktoba

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayekisoma, na kwa sababu mwalimu wangu wa Garissa alisema anayetaka kuifundisha lugha aiandike kila siku. Januari naingia chuo cha ualimu, inshallah. Joto leo. Hakuna wingu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Tumeanza na kitabu cha keki. Msichana mwoka keki anamwagia krimu bwana mmoja mwenye suti, kumbe bwana huyo ndiye mwenye jengo ambamo msichana amepanga duka lake. Weris alicheka hadi Iftin, binti yake wa miaka mitano, akaja mbio kuona kuna nini.

"Huyo msichana hana kaka?" Weris akauliza. "Hana binamu? Wajomba wako wapi? Kwetu jambo hili lingeisha ukurasa wa pili. Watu wangekaa, wangekunywa chai, wangeulizana ukoo, basi."

"Ndiyo maana kitabu ni kinene. Hana wa kumsaidia kulimaliza."

"Maskini," akasema, lakini nilisikia wivu kidogo ndani yake.

Hashi aliingia na bakuli la maziwa, akaliweka, akatoka. Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa ngamia, mrefu, maneno yake ya kuhesabika. Miaka yote ambayo nimemjua sijawahi kumsikia akicheka. Nilimfuata nje nikamuuliza ni lini tunampeleka Weris Wajir.

"Haye, sawa," akasema. "Tutaona."

Jumapili, 15 Oktoba

Habaryar Muslimo amewasili. Yeye ni mdogo wa mama yetu. Mama alipofariki wazee walimpa baba mke mwingine kutoka nyumba ileile, naye ndiye huyu Muslimo. Ni desturi ya kwetu: mke akifa, dada yake anachukua nafasi, ili watoto wasilelewe na mtu baki. Kwa hiyo ni habaryar, mama yetu mdogo, na pia mama wa kambo. Alitulea vizuri, kwa uso mkavu. Baba naye hayupo tena, na sasa neno la kwetu liko mdomoni mwa Habaryar.

Alimpapasa Weris tumbo, akasema, "Wanawake wa kwetu hawapasuliwi." Kisha akaniangalia mimi, na Iftin aliyesinzia mapajani mwangu.

"Mtoto amekuzoea," akasema.

Niliiweka chai chini bila kuimaliza.

Jumatano, 18 Oktoba

Mawingu. Nilimuuliza Hashi tena. Tutaona.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua ya kwanza ya deyr, vuli ya kwetu, imenyesha alasiri. Watoto wote wa Hadado walitoka nje kuogelea kwenye madimbwi, na watu wazima walisema alhamdulillah, maana ngamia watashiba. Mimi pekee, nadhani, nilitamani iache.

Nimeanza kuelewa kwa nini Weris anavitaka vitabu hivi na si vingine. Nilimletea pia riwaya moja ya maana, yenye vita na ukame, akanirudishia baada ya kurasa chache. "Ukame naujua," alisema. "Nisomee kile cha mtu aliyepoteza kiatu." Katika riwaya zake unajua tangu mwanzo nani ataoa nani. Hofu imo, lakini ni hofu ndogo ya kuchezea: gauni halifungiki, barua imekwenda kwa mtu siye, mama mkwe anakuja bila taarifa. Hakuna anayetoka damu. Na mama zao wote wako hai, tena wanapiga simu mpaka wanachosha. Tukifika pale mama anapopiga simu, mimi na Weris hatutazamani usoni, halafu tunaendelea.

Mimi pia vinanituliza, sitasema uongo. Nikiwa katikati ya kitabu moyo hukaa mahali pake. Nikikifunga tu, nasikia matone kwenye mabati.

Leo tulibakisha sura ya mwisho ya kitabu cha keki. Weris akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Hii iache. Nitaisikia nikitoka Wajir." Sikupenda hata kidogo. Nilitaka kukataa, nikaogopa kumwambia kwa nini.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua. "Mtoto amekuzoea," Habaryar amesema tena, na safari hii Hashi alikuwepo. Hashi akatazama chini. Nikaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Jumanne, 24 Oktoba

Leo nimefanya kosa.

Nilichagua kitabu kwa jalada lake. Lilikuwa na bata chini ya mwavuli, nikasema hiki ni cha mchezo mtupu. Na kweli mwanzo wake ni mchezo. Bata wanaingia jikoni, wanakula mkate wa sherehe, Weris anashika tumbo kwa kucheka nami namwambia taratibu. Kumbe mwenye bata amefiwa na mke. Na yule dada aliyekuja kumsaidia kulea mtoto, yule anayegombana naye kwa ajili ya bata, ni dada wa marehemu. Jicho langu lilikimbia mbele na kuona wanakokwenda kabla mdomo haujafika.

Nikageuza. Nikamfanya yule dada kuwa jirani.

"Jirani," Weris akasema.

"Ndiyo, jirani."

"Jirani amejuaje wimbo ambao marehemu alikuwa akimbembelezea mtoto?"

Nikasema labda kuta zao ni nyembamba. Hakucheka. "Soma kilichoandikwa, Khadra."

Nikasoma kilichoandikwa. Hakuna kitu kigumu kama kusoma mzaha kwa sauti inayotetemeka. Supu ilimwagika, bata akapanda mezani, na mimi nilikuwa natoa jasho.

"Wewe ndiye ulikichagua?" akauliza.

"Nilichagua bata, wallahi."

"Na Habaryar amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Amesema mtoto amekuzoea. Mimi nimelazwa, sijazibwa masikio." Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi. "Nikifa watakupa kwa Hashi. Nililifikiria jana. Kwanza nilipata utulivu, kwamba Iftin hatapigwa na mtu. Kisha nikakuchukia siku nzima. Unisamehe."

Nikamwambia simtaki Hashi, nataka chuo, nataka yeye aishi. Nilimwambia hayo yote kwa mkupuo mmoja, vibaya, kama mtoto.

"Unafikiri Habaryar alimtaka baba?" akasema. Akageukia ukutani.

Jumatano, 25 Oktoba

Weris hakutaka kitabu leo. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Amekubali kitabu kingine, kile cha mbwa aliyekula pete. Nilisoma kila mstari kwanza hadi mwisho wa sura ndipo nikafungua mdomo.

Halafu nimeona jambo ambalo sijui nimwambie nani. Ukuta wa chumba ni wa mabati, na chini umeachwa mwanya wa kupitisha upepo. Nilipoinama kuokota kitambaa niliona ndara za Hashi upande wa pili. Miguu imo ndani yake. Amesimama tu. Nikaendelea kusoma, naye hakuondoka. Nilipofunga kitabu ndara ziliondoka.

Ijumaa, 27 Oktoba

Alikuwepo tena.

Jumamosi, 28 Oktoba

Na leo. Anasimama karibu kabisa, nasikia akipumua. Ananisikiliza mimi. Mkewe yu hai, anacheka kitandani, naye anaizoea sauti ya mke mwingine. Ndiyo maana kila nikiuliza Wajir ni tutaona, tutaona. Hana haraka.

Naogopa kuandika nilichofikiria baada ya hapo. Nimejifunika buibui zito katika joto hili, na nimehamishia mkeka wangu miguuni pa Weris.

Jumatatu, 30 Oktoba

Laga, ule mto wa msimu unaokata njia ya Wajir, imefurika. Lori la sukari lililotoka Wajir limekaa ng'ambo tangu asubuhi na limegeuza. Sista Kowsar alikuja na viatu mkononi, matope hadi gotini, akamsimamia Hashi uani.

"Nilisema wiki ngapi? Nilisema mapema. Sasa mnataka nimpitishe wapi, hewani?"

Hashi alimtazama Habaryar Muslimo, naye Habaryar alikuwa akivuta tasbihi.

Jumatano, 1 Novemba

Maji hayajapungua. Weris anasema mtoto anacheza sana. Iftin ameniita hooyo, mama, kwa bahati mbaya, akacheka, akajirekebisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 3 Novemba. Wajir

Nitaandika yote, maana nikiuacha mkono bure ni vibaya zaidi.

Jana, baada ya adhuhuri, nilikuwa nasoma mahali mbwa anapelekwa harusini. Weris alikuwa akitabasamu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Khadra, funga kitabu." Nikaona damu. Ilikuwa imeshapita kwenye shuka na kamba, inadondoka chini ya kitanda, nyekundu kabisa, na yeye hakuwa na maumivu yoyote. Nilimtuma Iftin kwa Sista Kowsar. Alikimbia bila viatu.

Kowsar alimtundikia maji, akapiga simu. Gari la wagonjwa lingekuja hadi ukingo wa laga, haliwezi kuvuka. "Mtafikisha kitanda pale," akasema. "Na anapasuliwa leo leo. Sasa niambieni, nani anasema ndiyo? Sitaki tufike kule muanze mkutano."

Hashi akamtazama Habaryar. Hapo ndipo nilipofahamu, na nikaona haya pamoja na hofu. Mwanamume hampeleki mke kwenye kisu bila neno la watu wa mke. Akifia huko, koo mbili zinakuwa na jambo. Muda wote ule wa tutaona alikuwa akilisubiri neno letu, na sisi tulikuwa na mdomo mmoja tu.

"Wanawake wa kwetu," Habaryar akaanza, kisha akakwama. Tasbihi ilikuwa imesimama mkononi. Alikuwa akinitazama mimi.

"Mama yenu tulimwambia hivyohivyo," akasema. "Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Tulisema hatupasuliwi, tukaendelea kusema mpaka akanyamaza. Wewe ulikuwa mwekundu, unalia. Walikuweka mapajani mwangu, ukatulia, na mama yangu akasema, mtoto amekuzoea. Siku ya arubaini nikaolewa. Nilikuwa na umri wako huu." Akaifumbata tasbihi. "Tangu nifike hapa nayasema maneno yale. Nayasikia yakitoka na siwezi kuyazuia. Naogopa, watoto wangu. Naogopa tangu niteremke kwenye gari."

Hatukuwa tumewahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

Akamgeukia Hashi. "Mpasueni. Neno ni langu, lawama ni yangu. Na Khadra haendi kwa mtu yeyote kwa ajili ya msiba. Hilo nalo nimelisema, Kowsar ni shahidi."

Wanaume walikinyanyua kitanda pamoja na Weris juu yake. Kowsar alitembea ubavuni akiinua chupa ya maji. Mimi nilibeba nguo na, sijui kwa nini, kitabu cha keki ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye laga maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi, na yalikuwa na matawi mazima ndani yake. Hashi alitangulia, kitanda begani. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Mmoja wa nyuma aliteleza na kitanda kikainama, nikaona mkono wa Weris ukining'inia na kugusa maji. Nilipiga kelele. Yeye hakupiga.

Ng'ambo dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa bara, alikuwa amewasha injini na anarudi nyuma kukimbia ukingo unaomeguka. Hashi alimlilia kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Dereba! Wewe simama habo! Mke yangu anatoka damu, usiondoke, wallahi mimi nakuja! Bole bole, nakuja!"

Akaja. Walimwingiza Weris ndani akiwa na midomo myeupe. Njiani gari lilikwama matopeni, likatoka. Weris aliniuliza mara moja tu, "Kitabu umekileta?" Nikasema nimekileta. Akafumba macho, na mimi nikawa namtazama kifua kama kinapanda.

Walipomwingiza chumba cha upasuaji tulibaki kwenye benchi, Hashi mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika. Tulikaa sana.

"Yule wa keki," akasema ghafla, bila kunitazama. "Alimpata yule bwana?"

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nilikuwa nasimama nje ya mabati," akasema. "Mwanzoni nilitaka kumsikia Weris akicheka tu. Akicheka najua yupo. Ndani siwezi kukaa, angeuona uso wangu. Kisha kisa kikanishika. Na kile cha bata nilikisikia pia, na maneno yenu. Siku ile nilikwenda mpaka malishoni nikakaa na ngamia." Akajifuta uso kwa kikoi kilicholowa. "Usiniogope, walaal. Wewe ni dada yangu. Sikutaka mke mwingine, nilitaka neno la Habaryar, na nilishindwa kumwomba. Hilo ni kosa langu mimi. Alimpata?"

Nilikuwa na kitabu mapajani. Ningeweza kukifungua.

"Amesema tusisome mpaka atoke," nikamwambia.

Alifikiri. "Basi tusisome," akasema, na akasogea karibu kidogo na mlango.

Jumamosi, 4 Novemba

Weris yu hai. Amewekewa damu, na mmoja wa waliotoa ni Hashi. Mtoto ni wa kiume, mdogo sana, yuko kwenye chumba cha joto, amefungwa mirija. Daktari anasema tusubiri. Kila muuguzi akipita na viatu vile vya kulia sakafuni nainuka kwenye benchi.

Jumapili, 5 Novemba

Mtoto amepumua bila kusaidiwa kwa muda, kisha wakamrudishia mrija. Weris analala tu.

Jumanne, 7 Novemba

Habaryar amepiga simu kutoka Hadado. Iftin anakula, anauliza kama mbwa aliyekula pete amekufa. Nikasema hapana, kwenye vitabu vile mbwa hafi. Habaryar akauliza kama kuna vitabu vya namna hiyo kwa Kisomali, vya mtu mzima kusomewa. Nikamwambia nitamsomea mimi, mpaka Januari nitakapoondoka.

"Januari," akasema. "Haya. Ujifunze vizuri."

Ijumaa, 10 Novemba

Leo wametuonyesha mtoto kwa karibu. Amenishika kidole kwa nguvu nisiyoitarajia. Bado naogopa, na nadhani nitaogopa mpaka atembee, lakini leo niliweza kula.

Alasiri Weris aliomba sura yake. Wodi ya akina mama hairuhusu wanaume nje ya saa za kuwaona wagonjwa, kwa hiyo nilikaa kitandani upande wa dirisha na nikaanza kusoma. "Kwa sauti zaidi," mtu akasema kutoka nje. Nikachungulia. Hashi alikuwa amekaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, kwenye kivuli chembamba kilichobaki.

Nikasoma kwa sauti. Msichana ameoka keki ya harusi ya mtu mwingine, amekuja nayo mbio, na yule bwana, kwa haraka ya kumwambia anampenda, anaikalia.

"Aa-a, acha," Weris akasema, ameshika mshono kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Daktari kasema nisicheke. Acha kidogo, Khadra, utanifungua."

Nikaacha. Na katika ule ukimya tulisikia kitu huko nje, kitu kizito kinachokwaruza, kama gari linalokataa kuwaka. Kilikatika, kikaanza tena. Wanawake wa vitanda vya jirani waligeuka. Niliinuka nusu, moyo mkononi, nikidhani analia.

Weris alinivuta nikae. "Ndivyo anavyocheka," akasema. "Hukuwahi kumsikia. Endelea, taratibu."